Bosi Anataka Nini

Bosi hapendi kusubiri, na asubuhi ile tulisubiri mpaka benchi likashika joto letu. Kila mlango wa kliniki ya mazoezi ya viungo ulipofunguka, aligeuza shingo kutazama. Ulipofungwa bila sisi kuitwa, alinipiga teke la paja kwa kisigino cha kulia, ule mguu wake wenye nguvu. Nilijua maana yake. Teke la paja ni twende. Akikaza mgongo, hana raha. Akitanua vidole vya mguu, ana kiu.

Karibu yetu alikaa mwanamke ambaye wote pale walimwita Mama Pacha. Alikuwa amekuja na mmoja wa mapacha wake, mtoto wa kiume mwenye plasta ngumu za mifupa miguu yote miwili, ambaye alikuwa anabingirisha kampira kadogo katikati ya hizo plasta na kukadaka kabla hakajaanguka. Bosi alitanua vidole vya mguu. Kabla hajamaliza kuvitanua nilikuwa nimeshamtia chupa ya maji mdomoni. Alimeza kidogo, mengine yakamtoka pembeni ya midomo.

"Huyo mtoto hajalia, hajaguna, na wewe umeshampa maji," alisema Mama Pacha. "Umejuaje?"

"Nimejua tu."

"Mume wangu namwambia maji kwa mdomo, kwa sauti, na bado ananiletea chumvi."

Benchi zima lilicheka. Mimi niliinamisha uso. Watu wakinitazama, hata kwa wema, natafuta pa kujificha, na pale pa kujificha palikuwa nyuma ya kisogo cha Bosi. Nilimpangusa kidevu. Nilimnyoosha kola. Nilimnyoosha tena. Mikono yangu haikutaka kukaa.

Bosi ni mtoto wa dada yangu. Ana miaka sita na hasemi. Mkono wa kushoto umejikunja kifuani, wa kulia unamtii akipewa nafasi ya kuutuliza kwanza. Dada alimwita Bosi tangu akiwa mchanga, kwa sababu alikuwa anaamrisha nyumba nzima kwa macho na hakuna aliyewahi kumwona akishukuru. Mimi nililetwa kumlea nikiwa darasa la tano. Tulikubaliana nirudi shule mtoto akishaweza kukaa. Alichelewa kukaa, na alipokaa hakuna aliyekumbusha habari ya shule, hata mimi.

Siku ile ilikuwa siku ya kupimwa. Kwenye shule iliyo nyuma ya soko kuna darasa la watoto kama yeye, na ilibaki nafasi moja. Mwalimu wa darasa hilo aliwahi kuja kliniki kuongea na wazazi, mama mfupi mwenye sauti kubwa. Alisema hivi: "Silazimishi mtoto atembee. Silazimishi aseme. Ila nina watoto wengi na macho mawili. Mtoto aweze kuniambia anataka nini, kwa njia yoyote anayoijua. Kusoma mawazo ya mtu mimi sikufundishwa."

Basi ndicho kilichokuwa kinapimwa. Kama Bosi anaweza kuomba. Akiweza, nafasi ni yake. Asipoweza, arudi nyumbani, na mwakani atakuwa amezidi umri wa kuanza.

Siku za maandalizi dada alikuwa anajibu bila wasiwasi kila alipoulizwa. "Anaomba sana tu! Anamtazama mama yake mdogo, basi, kitu kimefika."

"Na mama mdogo asipokuwepo?" Hilo aliuliza Mwanafunzi.

"Yupo siku zote," alisema dada.

Mwanafunzi ni msichana aliyekuwa anasomea kazi ya kuwazoeza watoto viungo. Alikuwa anamaliza, lakini jina la Mwanafunzi lilikuwa limeshamganda. Anaongea haraka, anatafuna kifuniko cha kalamu, na hawezi kumwona mtoto anahangaika na kitu bila kumsaidia. Naye alikuwa anapimwa siku hiyo hiyo. Kila mwanafunzi anayemaliza alipewa mtoto mmoja wa kumwandaa, na yeye alipewa Bosi. Mtahini angewatazama wote wawili kwa pamoja, mtoto kama yuko tayari kwa shule, na Mwanafunzi kama yuko tayari kwa kazi.

Alianza kuja nyumbani kwetu na ubao aliotengeneza kwa kadibodi ya boksi la viatu. Juu yake alikuwa amechora picha nne kwa kalamu nene: kikombe, mpira, choo, na kiganja kilichosimama, maana yake sitaki. Bosi angekaa kwenye kiti chake cha mbao chenye mkanda, ubao mbele yake, apige picha ya kile anachotaka.

Dada aliushika ubao akaugeuza geuza. "Hiki ni choo au kiti cha mgeni rasmi?"

"Dada, mimi sikusomea kuchora!"

"Nauliza tu. Mwanangu asije akaenda haja kwenye kiti cha mgeni rasmi."

Siku za mwanzo Bosi alikasirika. Alikuwa ananitazama, na mimi nilikuwa nimekatazwa kumpa kitu mpaka apige picha. Alidhani nimekuwa mjinga. Alinitolea macho, akapiga kelele, akalamba picha ya kikombe. Usiku nilipomlaza alinipa kisogo. Mimi nilikuwa nakalia mikono yangu ili isimkimbilie, na ilikuwa inawasha.

Halafu siku moja alipiga. Mwanafunzi alimwambia, "Niombe mpira," na kile kiganja kikaja juu, kikatetemeka, kikashuka palepale kwenye mpira. "Niombe maji," kikashuka kwenye kikombe. Tulishangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Kutoka hapo hakukosea hata mara moja. Mwanafunzi alikuwa ananiweka mbele ya Bosi, nyuma kidogo ya meza, ili mtoto asiogope.

"Wewe kaa hapo, uwe kimya," alinifundisha. "Mtahini hataki mlezi anayemsemea mtoto. Walezi wote wanaharibu hapo, midomo inawaponyoka."

"Huyu?" dada alicheka. "Huyu ukimchoma sindano anaomba radhi kwa sindano. Hasemi."

Kwa hiyo wote walikuwa na imani na ukimya wangu, na mimi, kwa mara ya kwanza, nilijiona nina kitu kinachofaa.

Dada ni fundi kwenye karakana ya kushona sare. Wiki ya mwisho alikata kitambaa cha sare ya shule ile, akamshonea Bosi gauni, akaliweka kwenye mfuko wa nailoni na kulitundika msumarini juu ya kitanda. Nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba nafasi hatujapewa. Alisema nafasi itakuja ikute nguo tayari. Kila nilipoamka nililiona likining'inia, nikageukia ukuta.

Tuliitwa wakati Bosi alikuwa ameshachoka na mateke yamekuwa ya kivivu.

Chumba cha kupimia kilikuwa na mkeka wa sponji, meza ya chini, kabati lenye mipira na vikombe vya plastiki, na dirisha lililopakwa rangi nusu ili watoto wasitazame nje. Mtahini alikuwa mama wa makamo, mnene, na chupa ya chai pembeni. Nilimwamkia. Aliitikia, akaniuliza mtoto amelala vizuri, amekula, ana mafua? Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeulizia njia. Hilo lilinitia hofu zaidi.

Mwanafunzi alimfunga Bosi mkanda kwenye kiti. Vidole vyake vilikosa tundu la kufungia. Vikakosa tena.

"Pole pole," alisema Mtahini. "Mkanda haukimbii."

Nilikaa mahali pangu, nyuma ya meza, mikono chini ya mapaja. Mtahini alijimiminia chai.

"Haya. Bosi, mwambie huyu akupe mpira."

Kiganja cha Bosi kilipanda, kikatetemeka, kikashuka. Mpira. Mwanafunzi alimpa, akacheza nao kidogo ukaanguka.

"Omba maji."

Kikombe. Alipewa akanywa.

"Mwambie hutaki tena."

Kiganja juu ya kiganja. Mwanafunzi alinitupia jicho la furaha, kisha akakumbuka yuko kwenye mtihani, akakaza uso. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni kila alichopata kama mtu anayepokea zawadi. Mtahini hakuandika kitu. Alikuwa ameshika kikombe cha chai karibu na mdomo, hanywi. Nilipoinua macho nikagundua hamtazami Bosi. Ananitazama mimi.

Aliweka kikombe chini. Akasimama, akazunguka meza, akaja kusimama mbele yangu, mgongo wake kwangu. Sikuona tena chochote ila kitenge cha nguo yake.

"Bosi, mwambie akupe mpira."

Nilisikia kiti kikilia. Nikachungulia pembeni ya nyonga yake. Bosi alikuwa amelala upande mzima, mkanda umemkaza tumboni, shingo ameitoa kama kuku anayetafuta mlango, anajaribu kuona nyuma ya Mtahini. Mpira ulikuwa mezani, wazi kabisa. Hakuwa anautafuta mpira. Alipoyaona macho yangu, alitulia. Macho yangu yalikwenda kwenye picha ya mpira. Hapo ndipo nilipohisi, kwa mara ya kwanza, kwamba yanakwenda. Kiganja cha Bosi kikayafuata.

Mwanafunzi naye aliona. Kifuniko cha kalamu kilimtoka mdomoni.

"Siku zote hizi," Mtahini alimwuliza, "umekuwa unampima nani? Mtoto, au mama yake mdogo?"

Mwanafunzi aliinama kuokota kifuniko.

"Mimi sijasema kitu, mama," nilisema. Nadhani hakunisikia vizuri, kwa sababu aliinama kidogo.

"Najua, mwanangu. Mdomo wako hauna tatizo. Macho yako ndiyo yanapiga kelele."

"Nitafumba."

"Utafumba, halafu utaanza kuhema. Nenda nje. Funga mlango."

Kutoka kwenye kile kiti mpaka mlangoni nilipita mbele ya Bosi. Sikumtazama. Nilijua nikimtazama nitakuwa namwambia kitu, na sikujua ni kitu gani.

Nje nilisimama. Nikakaa. Nikasimama. Mama Pacha alisogeza kikapu chake ili nikae tena, nikasema ahsante, nikabaki nimesimama. Ukutani palikuwa na picha ya mtoto anayenawa mikono, rangi imebabuka usoni. Niliitazama mpaka nikaichukia. Ndani nilisikia sauti ya Mtahini, ya chini. Halafu sauti ya Bosi, mguno mfupi. Huo ni wa kuuliza. Ananiulizia niko wapi.

"Wamekutoa?" aliuliza Mama Pacha.

"Nilikuwa namwonyesha."

"Umefanya makusudi?"

"Hapana."

"Basi usijitese. Mimi mwaka jana nilimjibia wangu maswali yote, nikaambiwa nimefaulu mimi."

Sikuweza kucheka. Nilitembea mpaka kwenye sinki la mwisho wa ujia na kurudi. Nilifungua bomba, nikalifunga. Niliporudi mlangoni, dada alikuwa anapanda ngazi, nyuzi zimemganda begani, mkononi mkoba uliojaa vipande vya vitambaa na juu yake ule mfuko wa nailoni. Alikuwa ameomba ruhusa karakana akimbie mara moja. Alikuja na sare ili mtoto ajibiwe akiwa amependeza.

"Mbona uko nje?"

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia mwisho, na alipoelewa uso ulimshuka.

"Kwa hiyo hajui?"

"Sijui kama anajua."

Wakati huo Bosi alianza kulia.

Kuna vilio vyake vingi. Kile kilikuwa cha juu, kimekatika katika, na kati ya kipande na kipande kuna kuvuta pumzi ndefu. Hakuna aliyeweza kukijua kama mimi.

"Anataka nini?" dada aliuliza. Alikuwa ameshaniuliza hivyo maelfu ya mara, tangu mtoto akiwa kwenye nepi, na maelfu ya mara nimemjibu.

"Choo."

"Haya, ingia uwaambie."

Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa. Sikumbuki kuuweka pale. Kitasa kilikuwa cha baridi, na nilijua kwamba nikikizungusha kila kitu kitakwisha kwa amani. Bosi atatulia akiniona. Nitambeba mpaka chooni. Ile sare itakaa msumarini, na kesho nitaamka, nitamlisha, nitamwogesha, atanitazama na mimi nitajua. Sitaki kudanganya. Kuna upande wangu uliotaka hivyo.

Nilitoa mkono kwenye kitasa. Nikageuka, nikaegemeza mgongo mlangoni.

"Hapana, dada."

"Hapana nini?"

"Nikiingia, ameshindwa."

"Na usipoingia anajikojolea! Mbele ya watu wazima! Mtoto wa kike wa miaka sita!" Alinyoosha mkono kupita ubavuni kwangu akitafuta kitasa. Nilijibana. "Wewe! Nani amekufundisha kunizuia?"

"Acha aombe."

"Kwa nani? Nani ndani mule anamjua?"

"Hakuna," nilisema. "Ndiyo maana."

Sauti yangu ilitoka kubwa. Ujia wote uligeuka kunitazama, hata yule mtoto wa plasta aliacha kampira kake. Nilihisi uso ukiniwaka mpaka masikioni, lakini mlangoni sikutoka. Dada alinitazama kama mtu aliyekuta mlango wa nyumbani kwake umebadilishwa kufuli.

Ndani kitu kilianguka kwa kishindo. Ubao. Bosi ameusukuma. Kilio kikakatika. Nikasikia miguu, kadibodi ikirudishwa mezani. Halafu tap. Kiganja. Halafu mpira ukadunda.

"Mpira," nilisema.

"Mpira?" Dada alishika kichwa. "Mtoto anataka choo, wamempa mpira?"

"Kama mume wangu na chumvi yake," alisema Mama Pacha.

Mpira ulirushwa, ukagonga kabati, vikombe vya plastiki vikamwagika. Bosi alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia, wa hasira tupu, hauulizi kitu. Na baada yake, tap. Tap. Tap tap. Nilikuwa nimefumba macho na nimeuma mdomo. Sikuona picha gani. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe nilikuwa sijui.

Mlango ulifunguliwa kwa ndani nikaangukia chumbani mgongo mgongo. Mwanafunzi alinipita kwa juu, Bosi kifuani kwake, anapiga kelele, "Njia! Jamani njia! Choo!"

Walikimbia ujia mzima. Kiatu kimoja cha Mwanafunzi kilibaki katikati, Mama Pacha akakivuta kwa mguu wasijikwae wengine. Choo kilikuwa mwisho, baada ya sinki. Kwenye sinki walisimama. Sare ya bluu ya Mwanafunzi ilibadilika rangi kuanzia tumboni mpaka magotini.

Dada alisema, "Oh, mwanangu," akafunika mdomo.

Lakini Mwanafunzi alikuwa anacheka. Maji yanamchuruzika mguuni, mguu mmoja peku, anacheka na machozi yanamtoka. "Kaniomba," alisema. "Mmesikia? Kaniomba mimi."

Bosi alikuwa ameweka kidevu begani kwake. Alinitazama kutoka kule mbali. Sikuona aibu usoni mwake. Alikuwa anatazama kama bosi ambaye wafanyakazi wamechelewa.

Mtahini alitoka na chupa ya chai mkononi, akasimama nasi mlangoni.

"Alikutafuta wewe kwanza," aliniambia. "Halafu akamtazama Mwanafunzi usoni. Mwanafunzi aligeuza kiti chake akatazama ukuta mpaka asikie kiganja, macho yake yasimwonyeshe. Sikumwambia. Mtoto akaangusha ubao. Akapiga mpira, akapewa mpira, akaona hawa watu hawaelewi ila kile kilichopigwa. Akapiga choo mpaka kadibodi imepasuka."

"Lakini amejikojolea, mama," dada alisema. Alikuwa karibu kupiga magoti. "Usimwandikie vibaya. Nyumbani huwa hajikojolei, muulize mdogo wangu, hata siku moja..."

"Yeye aliomba. Sisi ndio tuliochelewa." Mtahini alifunga kifuniko cha chupa. "Nitasema anaomba. Kwa shida, na kwa hasira nyingi, lakini anaomba. Aanze muhula mmoja wa majaribio, mwalimu aone."

Dada alinishika mkono akaubana mpaka ukauma.

"Na huyu atakaa naye darasani? Siku za mwanzo tu, mtoto azoee?"

"Huyu," alisema Mtahini, na aliniwekea mkono begani, "hata dirishani asionekane."

Mwanafunzi alikuwa amerudi, amembeba Bosi kwa mbali kidogo sasa. Alikuwa ameacha kucheka. "Na mimi, mama?"

"Kumwandaa mtoto, umeshindwa. Ulifurahia majibu, hukuuliza yametoka wapi. Kungoja, leo umeweza. Utarudia na mtoto mwingine. Na uangalie walezi, si midomo yao tu."

"Ndiyo, mama."

"Kaoshe miguu."

Mwanafunzi alimkabidhi dada mtoto. Kisha alinitazama nami nikamtazama. Nilitaka kumwambia pole. Nadhani yeye pia. Aliingia ndani akaleta ubao uliopasuka, akaniwekea mikononi.

Tulimwogesha Bosi kwenye sinki. Nguo kavu ilikuwa moja tu, ile ya kwenye nailoni, kwa hiyo alivikwa sare ya shule pale kwenye ujia, vifungo vyote mpaka shingoni, na Mama Pacha akapiga makofi. "Ona, mwanafunzi mwingine huyo!" Dada alifurahi, halafu akakumbuka karakana, akakasirika, akafurahi tena. Alisema atatusindikiza nusu ya njia.

Nilimbeba Bosi mgongoni. Jua lilikuwa kali na njia imejaa watu, na mimi nilikuwa natembea haraka bila sababu, mpaka dada akaniuliza nani ananikimbiza. Nilikuwa nawaza muhula unaanza lini, na asubuhi hiyo nikishamfikisha getini, mikono hii nitaipeleka wapi. Dada hakuwa amesema kitu juu yangu. Labda mawazo yake hayakuwa yamefika huko. Mimi nilikuwa nimefika kabla hatujatoka langoni.

Tulipumzika kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, penye kivuli. Watoto walikuwa wanacheza barabarani. Nilimpakata Bosi, nikaona vidole vya mguu vinatanuka. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba, umeshika chupa, umefungua kifuniko.

"Ubao," alisema dada.

"Ana kiu tu."

"Weka ubao. Na wewe tazama kule."

Alimchukua, akamkalisha mapajani kwake, akaweka ile kadibodi iliyopasuka magotini. Mimi niligeuza uso upande wa barabara. Nilikaza macho kwenye kizingiti cha duka la ng'ambo, kilichobanduka rangi, na chupa nimeishika tayari. Sikuhema. Ilichukua muda. Nilisikia dada akivuta pumzi, nikasikia kiganja.

Dada aliuinamia ubao.

"Amepiga kikombe?" niliuliza.

"Hapana."

"Amekosea. Atarudia."

Kiganja tena, kwa nguvu zaidi.

"Mpira," alisema dada. "Kapiga mpira. Mara ya pili sasa."

Niligeuka. Vidole vya mguu bado vimetanuka, kama vinavyotanuka kila siku, na macho ya Bosi yako barabarani, kwa wale watoto waliokuwa wanapigiana mpira wa makaratasi. Nikakumbuka asubuhi, yule mtoto wa plasta na kampira kake, na maji yaliyomtoka Bosi pembeni ya midomo. Nikakumbuka vikombe vingine, vingi, siku nyingi, na jinsi alivyokuwa anavinywa. Alikunywa kwa sababu ndicho alicholetewa.

"Unalia nini sasa?" dada aliuliza. "Si amepata nafasi?"

"Silii."

"Haya, usilie. Bosi kasema mpira. Mpira hatuna." Alivuta mkoba wake, akatoa vipande vya kitambaa cha sare, akavikunja kimoja juu ya kingine, akavizungushia uzi. Alizungusha haraka, kama anavyofanya kazi zake zote, akakata uzi kwa meno. Bosi alikuwa anaitazama ile mikono bila kupepesa. Mimi hakunitazama.

Chupa bado ilikuwa mkononi mwangu, wazi. Nilikuwa na kiu sana. Niliinua nikanywa mwenyewe.